Siku Tatu Zilizobaki Chunguni

Nikipita mbele ya duka la viungo nikasikia harufu ya zafarani, huharakisha mwendo. Wenzangu wanaipenda. Kwao ni harufu ya harusi na ya kahawa ya Sikukuu. Kwangu mimi ni harufu ya sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa wino wa zafarani, ikasuuzwa kwa marashi, na mama yangu akishikiwa bakuli mdomoni anywe. Aliyanywa makombe yote, hakukataa hata moja. Siku zile hakuwa akikataa kitu, wala hakuwa akitaka kitu, na hilo ndilo lililokuwa likinitisha.

Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Tulikaa vyumba viwili vya chini katika nyumba ya mawe huko mjini, penye uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Uani kulikuwa na kisima na jiko. Baba alikuwa seremala. Alishikwa na homa siku ya Jumatatu, na Ijumaa wakamzika. Sikumwona akitoka. Niliona kobazi zake tu, zimebaki mlangoni zikielekea ndani, na kwa siku kadhaa kila mtu alizikwepa asizikanyage.

Mama akaingia eda. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka kijijini Uroa kwa gari la shamba ili akae naye. Aliniketisha karibu na mlango wa chumba akanieleza kwamba mama hatatoka nje kwa miezi minne na siku kumi. Hatapaka wanja, hatajitia udi, hatavaa dhahabu, hatajitazama kwenye kioo, na mwanamume asiye maharimu wake hatamwona. Kisha akafungua kifundo cha kanga yake akamwaga komwe, zile mbegu za kijivu ambazo watu huchezea bao. Akanihesabia thelathini mara nne, akaongeza kumi, akazitia zote katika chungu kidogo, akaweka mkoba kando yake.

"Kila siku jua likitoka, utoe moja uitie mkobani humu," alisema. "Chungu kikiwa kitupu, mama yako anatoka. Umefahamu?"

"Naam, Bibi."

"Usizichezee."

Sikuzichezea. Nilikuwa mtoto wa haya, asiyeweza kumtazama mgeni usoni, na sijapata kupewa kazi kubwa namna ile. Nilitoa komwe moja kila asubuhi kabla sijanawa uso. Niliamini kwamba mimi ndiye ninayezisukuma siku. Nikilala sana, siku ile haitapita, itasimama palepale na mama atabaki ndani. Asubuhi moja niliamka na homa nikajikokota mpaka penye chungu nikiona kiza machoni, nikaitoa komwe yangu, nikarudi kulala nikiwa nimeridhika kabisa.

Wanawake walikuja kumwona mama wakatoka wakimsifu. "Zuhura anajua kukaa eda," walisema. "Hasemi, hacheki, hainui macho." Nami nilimwona hivyo hivyo, nikajivuna. Alikaa juu ya mkeka, mgongo umeegemea ukuta, mikono yake imelala mapajani, viganja juu. Siku hizi nikifikiri nashangaa jinsi sote tulivyokuwa hatuoni. Kila kitu ambacho maradhi yalimfanyia, eda ilikuwa imekwisha kumwamrisha. Hakutoka, hakujipamba, hakuzungumza sana. Nani angejua kwamba ndani ya ile heshima mlikuwa na kitu chengine kinamla?

Siku ya kutoka ilipofika Bibi aliniamsha kwa furaha. Walikuja shangazi zangu na majirani wawili wakamkosha mama, wakamvisha kanga mpya iliyokuwa bado ina ugumu wa dukani, wakamsuka, wakamfukiza udi mpaka chumba chote kikawa moshi. Nikaenda penye chungu nitoe komwe ya mwisho. Nikaitoa, kisha nikatia mkono tena kuhakikisha chungu ni kitupu. Mkono ukarudi na tatu.

Nilizihesabu mara nyingi. Zilikuwa tatu. Nilijua papo hapo kilichotokea: kuna siku tatu nilisahau, sijui zipi, na sasa wanamtoa mama na siku tatu bado zimo chunguni. Nilisikia Bibi akiniita. Nikazishika zile komwe, nikakimbia nyuma ya jiko, nikazisukuma ndani ya ufa wa ukuta kwa kidole mpaka sikuzigusa tena.

Niliporudi walikuwa wamekwisha kumpamba. Bibi alimshika mkono. "Haya mama, eda imekwisha. Nyanyuka ukakae ukumbini na wenzako, kuna halua."

"Naam," mama alisema.

Hakunyanyuka. Walipomnyanyua wao alisimama, na walipomwacha alirudi palepale mkekani, akaegemea ukuta, akaweka mikono mapajani. Wale wanawake wakatazamana. Ni mimi tu niliyejua sababu. Eda haikumtoka kwa kuwa nilikuwa nimeikata kabla haijaisha.

Wiki zikapita. Mama akawa anakonda, tukimwona. Bangili zilizokuwa zikimbana zilianza kumteremka mpaka vidoleni. Akichanwa nywele, zilibaki kwenye kitana kama kiota cha ndege, na Bibi alizifunga haraka katika kitambaa ili nisizione. Alisema kichwa kizito, mgongo unauma, kifua kimebanwa. Usingizi ulimkatika. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku akaketi, wala halii, akingoja kuche kama mtu anayengoja kuitwa. Chakula alikitafuna muda mrefu kisha akakisahau mdomoni. Jambo lililomuumiza Bibi zaidi ya yote ni kwamba mama aliacha kusali. Akiulizwa, alisema hana nguvu ya kushika udhu. Majirani wakija saa ya sala, Bibi alifunga mlango wa chumba akasema, "Yuko kwenye msala."

Watoto wa uchochoroni walikuwa na maelezo yao. Bomani kulikuwa na mfereji wa bomba tulikokwenda kuteka maji ya kunywa, na huko msichana mmoja aliniambia mbele ya wenzake, "Mama yako kapandwa na pepo bubu."

"Si bubu," mwengine akasema. "Pepo wa kizungu. Hajui Kiswahili, ndio maana hasemi."

Wakacheka. Mimi nilijitwika ndoo yangu nikaondoka, lakini moyoni nilitamani iwe kweli. Angekuwa ni pepo, lisingekuwa kosa langu.

Mjomba Haji, kaka yake mama, alikuwa akija kila Alhamisi kutoka Uroa. Alikuwa mtu wa sauti kubwa. Akipiga hodi, nyumba ya tatu walimkaribisha. Ndiye aliyemleta maalimu wa kombe. Maalimu yule alikuwa mzee mpole, alisoma, akaandika sahani zake, na alipokuwa akiondoka alimwambia mjomba, "Hii ni dua, na dua haimzuii mtu kutafuta dawa." Mjomba hakulisikia hilo, au hakulitaka. Makombe yalipokwisha na mama yuko vilevile, hasira zikampanda.

"Huyu hana ugonjwa," alimwambia Bibi ukumbini. "Mwili mzima, hana homa, hana kidonda. Anadeka tu."

"Anamdekea nani, Haji?" Bibi akamuuliza. "Aliyekuwa akimdekea tumemzika."

Mjomba akasema atampeleka Uroa, apate hewa ya bahari, na huko kuna mtu anayejua ngoma za pepo, atampungia siku saba.

Katika siku hizo likatokea jambo ambalo mimi nililiona dogo. Ilikuwa mchana, Bibi ameenda sokoni. Mama alitoka uani peke yake, kitu ambacho hakuwa akikifanya. Nilifurahi, nikamfuata. Aliegemea ukingo wa kisima kwa viwiko akatazama chini. Nami nikapanda jiwe nikaegemea ubavuni pake. Maji yalikuwa mbali sana, na ndani yake kipande kidogo cha mbingu, na vichwa vyetu viwili.

"Humu hamna kelele," mama alisema.

Nilisikiliza. Kweli hamkuwa na kelele.

"Mtu akiingia humu, atalala."

"Kuna baridi, mama?"

"Kuna baridi nzuri." Kisha akanishika gauni kwa nyuma akanivuta. "Usiiname. Utaanguka."

Tukarudi ndani. Nilikuwa na furaha kwa sababu alikuwa amesema nami maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Nilidhani amechoka kwa joto.

Alhamisi moja akaja Bi Marta. Alikuwa nesi, wazee wake walitoka Bara, yeye kazaliwa hapa hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo. Ndiye aliyemzalisha mama aliponizaa mimi. Alikuwa amepelekwa kufanya kazi shamba, nje ya mji, ndio karudi na kusikia msiba, akaja kutoa pole na chane ya ndizi mkononi. Bibi alimwingiza chumbani. Mimi nikajificha nyuma ya mlango, mahali pangu pa kawaida wakija wageni.

Bi Marta hakusema yale wanayosema wote, kwamba subiri, Mungu yupo. Alikaa chini kwenye mkeka, naye akaegemea ukuta kama mama, wakawa wawili wanatazama mbele. Alikaa hivyo muda mrefu hata nikadhani naye kaambukizwa.

"Unaamka saa ngapi, Zuhura?" akauliza.

"Saa tisa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na asubuhi ndiyo mbaya kupita zote. Jioni huwa kunapungua kidogo."

Mama aligeuza kichwa. Nilikuwa sijamwona akigeuza kichwa kwa hiari yake tangu sijui lini. "Nani kakwambia?"

"Hapana aliyenambia. Na chakula?"

"Kama nnatafuna karatasi."

"Na unahisi kwamba wewe ndiye mkosa. Kila lililoharibika, umeliharibu wewe."

Mama alikunja viganja vyake mapajani. Mimi nilizidi kujibana nyuma ya mlango. Vipi mtu huyu, aliyekuwa shamba miezi yote ile, ameingia ndani ya kichwa cha mama akatembea humo kama anayekijua chumba chenyewe hata gizani? Na lile la mkosa, niliamini ananisema mimi. Niliamini ameziona zile komwe ndani ya ukuta.

Alitoka akakaa ukumbini na Bibi na Mjomba Haji. Bibi akamimina chai. Bi Marta alisema polepole kwamba huu ni ugonjwa, wanaujua hospitali. Wajane wengi hulia, wakakonda, kisha wakarejea. Lakini kuna ambao huzuni huwaingia mwilini ikageuka maradhi, ikawakata usingizi na chakula na nguvu, na hapo nasaha peke yake haifai, kama isivyomfaa mwenye homa ya malaria. Kwa nini yeye na si mwengine, alisema, hata madaktari hawajui vizuri. Lakini wanayo matibabu, na wengi hupona.

"Hospitali ipi?" mjomba akauliza, ingawa alijua.

Bi Marta akamtajia.

"Kwa wendawazimu?" Sauti yake ilipanda. "Nesi, mimi na dada yangu tuna watu. Mtoto huyu ataolewa na nani, akiambiwa mamake alikuwa kule?"

"Mtoto ana miaka saba, Bwana Haji."

"Atakua. Na maneno yatakua naye. La. Kesho kutwa nnampeleka Uroa, apungwe, yaishe haya."

Bi Marta akamtazama Bibi. Bibi alikuwa akizungusha kikombe, hanywi. "Haji ndiye mwanamume," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

Sijui mpaka leo ni nini kilichonitoa nyuma ya mlango. Mimi ambaye nikiitwa na mgeni nilijibu kwa kutikisa kichwa, nilijikuta nimesimama katikati ya ukumbi, watu wakubwa watatu wananitazama. Niliona Uroa haitafaa, na ngoma haitafaa, kwa sababu hapana hata mmoja wao aliyejua ukweli.

"Si pepo," nilisema. "Ni mimi. Nilimkosesha mama siku tatu. Komwe zilibaki tatu nikazificha ukutani. Eda yake haikutimia, ndio maana hatoki, ndio maana anataka kulala kisimani."

Bibi alinivuta akanipakata. Alianza kucheka na machozi yanamtoka. "Mwana wee," alisema. "Miezi yote hii umebeba hayo? Mimi nilihesabu kwa mwezi wa mbinguni, mjukuu wangu, si kwa chungu. Mara tatu mwezi uliandama siku ya ishirini na tisa. Mimi nilikutilia thelathini thelathini. Ilikuwa lazima zibaki tatu. Hukusahau hata siku moja. Zile komwe nilikupa ili upate kitu cha kufanya."

Nilimsikia, na nilimfahamu. Nakumbuka kifua changu kikifunguka, na mshangao kwamba kumbe kila asubuhi nilikuwa sahihi, hata asubuhi ya homa. Lakini mshangao huo haukukaa, kwa sababu Bi Marta alikuwa ameweka kikombe chake chini.

"Kulala wapi?" aliniuliza.

Sikuelewa kwa nini anauliza. Nilikuwa nimekwisha kuungama jambo kubwa, na yeye anashika dogo. "Kisimani," nilisema. "Alisema mtu akiingia humo atalala. Alisema kuna baridi nzuri."

Bibi aliacha kucheka. Mkono wake uliokuwa ukinipapasa mgongoni ukasimama. Mjomba Haji aliinuka, akatoka uani, nikasikia kitu kizito kinaburuzwa. Nilikwenda mlangoni nikachungulia. Alikuwa ameliburuza bao la seremala, lile ambalo baba alikuwa akirandia mbao juu yake, na anafunika nalo kisima peke yake. Kisha akatafuta mawe akaweka juu ya bao, jiwe moja baada ya moja, na machozi yanamshuka ndevuni. Sikuwa nimepata kumwona mwanamume akilia. Alipoingia, sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha.

"Nesi," alisema, "huko mtu huenda vipi?"

Kabla ya kumjibu, Bi Marta alirudi chumbani kwa mama, na mimi nikamfuata bila kujificha. Aliketi mbele yake akamshika mikono yote miwili. "Zuhura," alisema, "unafikiria kufa?"

Nilidhani ukuta utaanguka. Neno hilo nyumbani kwetu lilikuwa halitamkwi tangu kobazi za baba zilipoondolewa mlangoni. Bi Marta alilisema kama anayeuliza unaumwa jino gani.

"Naam," mama alisema. Kisha uso wake ukavunjika, akalia, kilio kikubwa cha sauti, cha kwanza tangu Ijumaa ile. Bi Marta hakumwambia anyamaze. Aliendelea kumshika mikono. "Umefanya vizuri kunambia," alisema. "Sasa hutabaki nayo peke yako."

Walimpeleka asubuhi iliyofuata, kwa gari ya kukodi, mjomba amekaa mbele. Mama alijifunika buibui lake hata macho hayaonekani. Mimi nilibaki na Bibi, na komwe sikutaka kuziona tena, za hesabu wala za bao.

Tulikwenda kumwangalia kila Ijumaa baada ya sala. Mara ya kwanza nilishika kanga ya Bibi kwa mikono miwili, nikitarajia watu wa minyororo. Nilikuta ua lililofagiwa na wanawake wamekaa barazani wanashona ukili wa mikeka. Mmoja alikuwa akiimba peke yake, mwengine akilia bila ya kuacha kushona, na hapana aliyewashangaa. Mama alikaa mwisho wa baraza. Bi Marta alikuwa ametueleza mapema atakayofanyiwa. Kila asubuhi walimpiga sindano inayomtia mtu njaa kali, kisha wakampa chai yenye sukari nyingi mno, na uji, na mkate. Usiku walimpa dawa ya usingizi. Mchana nesi mmoja alikaa naye, wakazungumza, au hawakuzungumza, lakini alikaa. Na kila siku alitakiwa anawe, avae, atoke barazani, ashone japo shibiri moja.

Nilimuuliza Bi Marta kama huzuni inatibiwa kwa sukari. Sikukusudia mzaha, lakini alicheka. "Mwili wake ulikuwa umesahau kutaka," alisema. "Wanaukumbusha. Kichwa nacho huumwa, kama tumbo linavyoumwa. Na tumbo likiumwa, humuulizi mtu kamkosea nani."

Ijumaa ya kwanza mama hakututazama. Ya pili alikula nusu ya andazi la Bibi. Kuna Ijumaa moja alikuwa vibaya kuliko mwanzo, na tuliporudi njiani Bibi alikaa chini ya kivuli cha ukuta wa mtu asiweze kutembea. Nadhani ilikuwa ya sita, nimesimama mbele yake, sijui mikono yangu niiweke wapi, mama akainua macho akanitazama meno.

"Yameota," alisema. Akainua mkono akayagusa kwa ncha ya kidole, moja moja, kama anayehakikisha si ya bandia. "Umekula?"

"Nshakula, mama."

"Umekula nini?"

Hakuwa ameniuliza kitu tangu baba alipofariki. Nilisimama na mdomo wazi, kidole chake bado kiko kwenye meno yangu, na niliona kama nimeulizwa na mtu aliyerudi kutoka nchi ambayo hakuna gari wala meli inayofika.

Aliporudi nyumbani hakurudi mzima kabisa. Bi Marta alitwambia tusitarajie hivyo. Kulikuwa na siku za mkekani. Aliagiza mama asiachwe peke yake siku hizo, ale hata asipotaka, arudi kwa daktari kila mwezi, na kila alasiri atembee. Tulikwenda Forodhani, bustani ya kando ya bahari. Siku ya kwanza tulifika benchi la kwanza tu, akasema miguu haimtaki. Baada ya wiki tukafika kwenye kibanda cha bendi, na siku moja tukavuka mpaka mwisho wa bustani, akaketi, akalalamika kwamba muhogo wa kuchoma umeungua. Nilimtazama yule muuza muhogo kwa heshima kubwa.

Maneno yalikuwepo, kama alivyosema mjomba. Jirani mmoja alimuuliza Bibi dirishani, watu wanasikia, "Ati Zuhura katoka kule?"

"Naam, katoka kule," Bibi akajibu. "Kuna nafasi bado. Wakikubali kutibu ndimi, nitakwambia."

Sasa nafikia asubuhi ambayo kwa ajili yake nimeandika haya yote, na naogopa kwamba mtu mwengine akiisoma ataona haina kitu. Nyumbani kwetu hapana aliyeruhusiwa kulala jua likishatoka. Bibi aliwaamsha hata wageni. Asubuhi hiyo niliamka mwenyewe na jua limekwisha kufika juu ya ukuta wa ua, na hapana aliyeniita. Nilitoka nikamkuta Bibi amekaa chini kwenye sakafu, mbele ya mlango wa chumba cha mama. Nazi aliyoivunja iko kando, imeanza kukauka, hajaikuna. Aliweka kidole mdomoni pake kuniashiria ninyamaze.

Nikasikiliza. Ndani ya chumba mama alikuwa akikoroma.

"Kaamka alfajiri kusali," Bibi alininong'oneza. "Kisha akarudi. Nnaogopa hata kukuna nazi."

Muuza samaki akaingia uchochoroni na ukelele wake. Bibi, ambaye goti lilimuuma, alifika mlangoni kabla yangu na kumpungia kipepeo cha jikoni usoni. Yule bwana akanyamaza, akashusha tenga. "Kafa nani?" akauliza kwa unyonge.

"Hapana aliyekufa. Mtu kalala."

Alitazama jua, akamtazama Bibi. "Saa hizi?"

"Saa hizi."

Akajitwika tenga lake akaenda zake kwa ncha za vidole, sijui kwa nini, na huko mbele nikamsikia akimwambia muuza kahawa asigonge vikombe.

Halafu akaja Mjomba Haji, maana ilikuwa Alhamisi. Alifungua mdomo kupiga hodi, Bibi akamkamata mkono. Alisikiliza. Akavua viatu akavishika, akaja taratibu mpaka tulipo, mtu mkubwa vile, akaketi sakafuni karibu yangu na viatu vyake mapajani.

"Tangu saa ngapi?" akanong'ona.

"Tangu isha. Saa tisa imempita, kaamka alfajiri tu kusali."

Jiko halikuwashwa. Njaa ilinikaza, na sikusema. Jua lilifika kizingitini, likatupanda miguuni, na sisi watatu tukakaa pale chini, tukimsikiliza mama akikoroma.